Hiram Percy Maxim: Mtu wa sailensa, mtoto wa mtu wa bunduki

Pikipiki ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, haina siri. Pamba iliyomo ndani ya sailensa yake ikiungua, kijiji kizima kinajua. Mlio uliokuwa mzito unageuka kuwa mkali, wa kukwaruza, kama mtu anayepiga debe tupu kwa haraka. Mbwa wanabweka, mtoto aliyelala anaamka, na dereva akifika kijiweni anaambiwa akafungue sailensa, abadilishe pamba.

Kazi hiyo si ngumu, na katika makala haya tutaeleza inavyofanywa. Lakini kwanza tumsimulie mtu ambaye jina lake limeshikamana na sailensa kuliko mtu mwingine yeyote. Anaitwa Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyefariki mwaka 1936. Ukisikia jina Maxim ukakumbuka bunduki, hujakosea. Ile bunduki ilikuwa ya baba yake.

Baba aliyeondoka

Hiram Percy alizaliwa tarehe 2 Septemba 1869 huko Brooklyn, New York. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, alikuwa fundi na mvumbuzi wa mambo mengi, hasa taa za umeme. Mwaka 1881 mzee huyo alisafiri kwenda Ulaya kwenye maonyesho ya umeme ya Paris, kisha akahamia London na kuanza maisha mengine huko. Mke wake na watoto watatu walibaki Marekani. Percy alikuwa na umri wa miaka 12 hivi. Tangu hapo alilelewa na mama, na habari za baba alizipata kwa mbali kama watu wengine.

Habari zenyewe zilikuwa kubwa. Mwaka 1884, akiwa London, baba alitengeneza bunduki ya kwanza ya rashasha iliyojiendesha yenyewe. Kila bunduki hupiga teke inapofyatuliwa. Mzee Maxim alilichukua teke hilo na kulifanya litoe ganda tupu, liingize risasi mpya na kufyatua tena. Bunduki yake iliweza kutoa risasi zipatazo 600 kwa dakika moja.

Huku kwetu silaha hiyo ilifika mapema. Msafara wa Henry Morton Stanley wa kumtafuta Emin Pasha, uliochukua wapagazi wake Zanzibar mwaka 1887, ulikuwa na bunduki ya Maxim. Mwaka 1892 Kapteni Lugard aliitumia katika vita vya Mengo, Uganda. Na katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, bunduki za rashasha zilikuwa ngao ya Wajerumani pale Mahenge, mbele ya watu waliokuwa na mikuki na magobole. Wazee wengi hawakulijua jina la mtengenezaji, lakini mlio wake waliusimulia.

Bunduki hiyo ilimpa mzee Maxim utajiri, na mwaka 1901 Uingereza ikampa cheo cha heshima. Pia ilimwondolea masikio. Miaka ya kusimama karibu na mlio ule ilimfanya kuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa. Alifariki London mwaka 1916.

Petroli ndani ya ganda la risasi

Percy alikuwa na kichwa chepesi kama baba yake. Alimaliza masomo ya ufundi mitambo katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kinachojulikana kwa kifupi kama MIT, mwaka 1886. Alikuwa na umri wa miaka 16 tu, wakati vijana wengi wa rika lake walikuwa bado hawajafika chuoni.

Baadaye alipata kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza risasi za mizinga katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts. Usiku mmoja mwaka 1892 alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli kutoka mji jirani wa Salem. Njia ilikuwa ndefu na miguu imechoka. Akajiuliza: kwa nini mtu apige pedali usiku kucha, wakati injini ndogo ingeweza kuifanya kazi hiyo?

Hakujua kwamba Wajerumani na Wafaransa walikuwa tayari wanatengeneza magari ya petroli. Alidhani yuko peke yake duniani na wazo hilo, akaanza kutoka sifuri. Alinunua petroli kidogo, akadondosha tone ndani ya ganda tupu la risasi ya mzinga, akalitikisa, kisha akatupia kiberiti. Mlipuko uliotoka ulimshtua. Tone moja tu! Hapo akaelewa kwamba petroli ina nguvu za kumsukuma mtu barabarani, endapo atapata namna ya kuzifunga nguvu hizo ndani ya chuma na kuzitoa kwa mpangilio. Tafadhali, vijana, jaribio hilo msilirudie. Yeye mwenyewe alikuwa na bahati kutoka salama.

Alitengeneza injini, akaifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Ilimsumbua sana, lakini ilimpatia kazi. Mwaka 1895 kampuni ya Pope, ya mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, iliyokuwa maarufu kwa baiskeli, ilimwajiri katika idara yake mpya ya magari. Hartford ikawa nyumbani kwake. Mwaka 1898 alimwoa Josephine Hamilton, binti wa aliyekuwa gavana wa jimbo la Maryland, wakapata mtoto wa kiume na wa kike.

Maji ya bafuni

Percy alipenda kulenga shabaha, lakini kila risasi ilikuwa kero kwa majirani. Alitaka bunduki ifanye kazi yake bila kuwasumbua watu wasiohusika. Kwa miaka kadhaa alifikiria jambo hilo bila kupata jibu.

Jibu, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alilipata bafuni. Alikuwa amemaliza kuoga, akazibua tundu la beseni. Akatazama maji yakizunguka kama kimbunga kidogo kabla ya kushuka kwenye tundu, bila fujo. Ikamjia: kama hewa moto inayotoka kwenye bunduki ingezungushwa hivyo, ingechelewa. Na ikichelewa, haitapiga kelele.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo ilipo siri ya sailensa zote. Kelele ya bunduki na kelele ya injini ni ndugu. Zote mbili hutokana na hewa moto iliyobanwa kwa nguvu, kisha ikafunguliwa mlango ghafla. Toa kizibo cha chupa ya soda iliyotikisika: ukikivuta mara moja, inalipuka, ukikilegeza pole pole, inapumua tu. Gesi ni ile ile. Kilichobadilika ni muda uliopewa wa kutoka.

Percy alitengeneza mkebe wa chuma wa kufungwa kwenye mdomo wa bunduki. Ndani yake kulikuwa na vyumba vidogo vilivyoizungusha hewa moto, huku risasi ikipita katikati bila kugusa kitu. Hati ya kumtambua kama mvumbuzi ilitolewa tarehe 30 Machi 1909, na akaanzisha kampuni ya kuuza vifaa hivyo. Ukimya haukuwa kamili. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na mlio huo hakuna mkebe unaoweza kuuzuia. Lakini ule mshindo wa mdomoni ulipungua sana.

Je, alikuwa ametengeneza kitu chema? Swali hilo lilimfuata maisha yake yote. Yeye aliona adabu kwa majirani. Wengine waliona kifaa cha muuaji na jangili. Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa sailensa ya bunduki, pesa nyingi sana kwa wakati huo. Kwa mtoto wa mtu aliyetajirika kwa bunduki, hata jitihada ya kupunguza kelele haikuwa rahisi kuitenganisha na damu.

Kutoka kwenye bunduki hadi kwenye injini

Kilichoiokoa kampuni yake ni injini. Makopo ya kupunguza mlio wa magari yalikuwapo kabla yake, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba yeye ndiye aliyeyabuni. Lakini Percy aliifanya kazi ya kutuliza kelele kuwa taaluma kamili. Kampuni ikabadilisha jina na kuitwa Maxim Silencer Company, ikatengeneza sailensa za injini kubwa, za mashine za kubana hewa na za mitambo ya kupitisha hewa. Walitengeneza hata kifaa cha kuweka dirishani, cha kuingiza hewa safi chumbani na kuacha kelele za mtaa nje.

Leo sailensa za vyombo vya moto hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza inafanana na ile ya Maxim: vyumba na kuta zinazoichelewesha hewa na kuipoza. Ndiyo iliyomo kwenye bodaboda nyingi za mipigo minne. Sailensa hizo huwa zimechomelewa, hazina pamba ya kubadilisha, na hakuna sababu ya kuzikata.

Njia ya pili ni ya pamba, na ndiyo ya pikipiki nyingi za porini za mipigo miwili. Hewa hutoka kwenye injini, inapita kwenye bomba lenye tumbo kubwa, kisha inaingia kwenye mkebe wa nyuma. Ndani ya mkebe kuna bomba jembamba lenye matundu mengi madogo, na bomba hilo limezungushiwa pamba ya nyuzinyuzi za kioo. Hewa hupita moja kwa moja katikati. Sauti huingia kwenye matundu, inapenya kwenye pamba, inasuguana na nyuzi na kugeuka kuwa joto. Kwa hiyo mkebe unanyamazisha bila kuibana injini.

Kwa nini pamba huisha

Injini ya mipigo miwili huunguza oili pamoja na petroli, na si yote inayoungua. Inayobaki hutoka na moshi na kunywewa na pamba. Pamba ikishiba, inakuwa nzito, nyeusi na ngumu kama masizi ya chungu. Nyuzi zilizo karibu na bomba nazo huungua na kupeperushwa nje kidogo kidogo. Matundu yanaziba, sauti inakosa pa kuingia, mlio unakuwa mkali. Injini nayo inaweza kuonekana nzito kushika kasi. Dalili nyingine ni oili nyeusi inayochuruzika kwenye maungio ya mkebe, au ubavu wa mkebe kuwa moto kuliko zamani.

Ukifika hapo, fanya hivi:

Kwanza, acha pikipiki ipoe kabisa. Fungua bolti za sailensa na uivute itoke kwenye bomba lenye tumbo.

Pili, tazama mfuniko wa mkebe. Kama umefungwa kwa skrubu, fungua. Kama umefungwa kwa ribiti, zitoboe kwa drili taratibu bila kupanua matundu yake. Mfuniko ukigoma, gonga kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha ubao, usigonge kwa chuma.

Tatu, vaa glovu, shati la mikono mirefu na barakoa au kitambaa puani kabla ya kugusa pamba, ya zamani na hata mpya. Nyuzi za kioo huwasha ngozi na si salama kwa mapafu. Fanya kazi hiyo nje, mbali na watoto na chakula. Pamba ya zamani ifunge kwenye mfuko na uifukie, usiichome.

Nne, safisha bomba lenye matundu kwa brashi ya waya hadi uone mwanga ukipita kwenye kila tundu. Ukitumia petroli kusafishia, hakikisha hakuna moto wala sigara karibu, na chuma kikauke kabisa.

Tano, zungusha pamba mpya kwenye bomba, uifunge kwa uzi au gundi ya karatasi ili isifumuke unapoiingiza. Ijaze vizuri bila kuacha nafasi, lakini usiishindilie. Pamba iliyoshindiliwa haina nafasi ya kumeza sauti; iliyolegea itapeperuka haraka.

Sita, rudisha mfuniko, ziba maungio kwa silikoni inayostahimili moto, kisha funga skrubu au ribiti. Iache silikoni ikauke kabla ya kuwasha.

Tunaomba jambo moja. Wako wanaojaza sponji la godoro, matambara au makumbi ya nazi. Vyote hivyo huungua, na sponji hutoa moshi wa sumu. Vipande vinaweza kuziba bomba na kuikaba injini. Nunua pamba inayohusika, iliyotengenezwa kwa ajili ya sailensa.

Sisi watu wa redio tuna deni kwake

Tungeweza kuishia hapo, lakini Percy Maxim ana sehemu nyingine inayotuhusu sana sisi tunaokaa nyuma ya kipaza sauti.

Mtoto wake wa kiume alipoanza kucheza na redio, baba naye akanaswa. Zilikuwa redio za kutuma alama za Morse, za watu binafsi waliojitengenezea mitambo nyumbani. Mwezi Aprili 1914 Percy alitaka kuwasiliana na mwenzake wa Springfield, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Hartford. Mtambo wake haukufika. Akakumbuka kwamba katikati ya njia, Windsor Locks, kulikuwa na mtu mwingine mwenye redio. Akamtumia ujumbe, naye akaufikisha Springfield.

Wengine wangeshukuru na kusahau. Percy aliona kitu kikubwa zaidi. Kama kila mwenye redio angekubali kupokea na kupitisha, ujumbe ungeweza kuvuka nchi nzima kutoka mkono hadi mkono. Mwaka huo huo, pamoja na kijana Clarence Tuska, alianzisha chama cha kupokezana ujumbe kilichoitwa American Radio Relay League. Alikuwa rais wake hadi kufa, na chama hicho kipo hadi leo.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ilizima redio zote za watu binafsi. Vita vilipokwisha, jeshi la majini lilitaka mambo ya redio yabaki mikononi mwake. Percy alikwenda mbele ya Bunge kutetea haki ya mwananchi wa kawaida kurusha mawimbi. Walishinda, na mwaka 1919 wakaruhusiwa kurudi hewani.

Matunda yake yalitufikia huku. Sheria ilikuwa imewasukumia watu hawa binafsi kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, yaliyodhaniwa hayana faida. Wao wakagundua kwamba mawimbi mafupi huvuka bahari. Mwezi Desemba 1921 alama zao kutoka Marekani zilisikika Scotland, na mwaka 1923 wakazungumza na Ufaransa pande zote mbili. Ni mawimbi hayo hayo ambayo babu zetu waliyatafuta usiku kwa kuzungusha kitufe, ili wasikie habari za Kiswahili kutoka London na Ujerumani.

Mwisho wa safari

Uzeeni Percy alivutiwa na nyota, na aliandika kitabu kuhusu nafasi ya uhai katika ulimwengu. Mapema mwaka 1936 alipanda treni kuelekea magharibi ili akatazame anga kwenye kituo cha Lowell huko Arizona. Aliugua njiani. Alishushwa La Junta, jimbo la Colorado, na kufariki hapo tarehe 17 Februari 1936, akiwa na miaka 66. Alizikwa Hagerstown, Maryland, nyumbani kwa mke wake. Alama ya kituo chake cha redio, W1AW, ilipewa kituo cha makao makuu ya chama chake, na bado inasikika hewani.

Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kuhusu baba yake. Mtu angetarajia malalamiko ya mtoto aliyeachwa. Badala yake, ni visa vya kuchekesha vya mzee mwenye akili nyingi na vituko vingi, kama vilivyoonwa na macho ya mtoto. Bunduki karibu haimo.

Baba aliutikisa ulimwengu kwa mlio na akaufunga uzee wake bila kusikia vizuri. Mtoto alitumia maisha yake kupunguza kelele zisizo na maana, na kuzifikisha mbali sauti zenye maana. Tunawakumbusha hilo vijana wetu wanaong'oa sailensa ili pikipiki isikike hadi kijiji cha pili. Masikio yakishakufa hayabadilishwi kama pamba. Na anayeumia kwanza ni yule anayekaa juu ya injini kutwa nzima.